Mahadhi ya 'Garryowen': Kutoka uwanja wa densi hadi uwanja wa vita

Mtu aliyezoea ushairi wa Kiswahili hahitaji kuambiwa kwamba utungo na mahadhi ni vitu viwili. Utenzi mmoja waweza kuimbwa Lamu kwa mahadhi haya na ukaimbwa Mombasa kwa mahadhi mengine. Mahadhi yayo hayo nayo yaweza kubeba tungo kumi zisizohusiana hata kidogo kimaudhui. Mizani ikikubali, sauti huingia. Tumelizoea jambo hili kiasi kwamba ni nadra kujiuliza swali linalolifuata: mahadhi yanapoachana na maneno yake na kupewa mengine, au kuachwa bila maneno yoyote, ni nini hupotea njiani? Na hasara hiyo humwangukia nani?

Katika makala haya ninanuia kulijibu swali hilo kwa kufuata safari ya mahadhi mamoja tu, yanayoitwa 'Garryowen'. Ni mahadhi ya densi ya Ayalandi, na yana wimbo wake wa kienyeji unaoitwa kwa jina lilo hilo. Yalianza kama muziki wa kurusha miguu, yakawa sifa za vijana watundu wa mtaani, yakaingizwa sebuleni mwa matajiri, kisha yakavikwa sare za jeshi. Alfajiri moja ya mwaka 1868 yalipigwa kwenye theluji, nchini Marekani, kijiji cha watu waliolala kilipokuwa kikivamiwa. Kufikia hapo maneno yake ya kwanza yalikuwa yamebaki mbali sana. Ninashikilia kwamba bila kuachwa huko, mahadhi haya yasingeweza kutumiwa jinsi yalivyotumiwa.

Tuanze na jina, maana jina lenyewe ni lugha. Garryowen ni mtaa katika mji wa Limerick, ulio kando ya Mto Shannon magharibi mwa Ayalandi. Kwa Kiairishi mtaa huo huitwa Garraí Eoin. 'Garraí' ni bustani, au kishamba cha mboga. 'Eoin' ni Yohana. Ni Bustani ya Yohana, basi, na Yohana anayetajwa ni mtakatifu ambaye kanisa lililopewa jina lake lilikuwa jirani. Lakini Gerald Griffin, mwandishi aliyezaliwa Limerick mwaka 1803, aliifasiri kwingine. Katika riwaya yake 'The Collegians' ya mwaka 1829 anaieleza kuwa ni bustani ya mtu aliyeitwa Owen.

Griffin hakuwa mbumbumbu. Kiairishi kina majina mawili, Eoin na Eoghan, yanayokaribiana kimatamshi ilhali yanaandikwa tofauti na yana asili tofauti. Karani wa Kiingereza anapoyanasa kwa sikio lake, yote mawili hugeuka kuwa 'Owen'. Ni kama mgeni asiyesikia tofauti kati ya 'dhamini' na 'thamini' ayaandike kwa herufi moja, halafu kizazi kijacho kilichosoma maandishi yake kianze kubishana lipi ndilo lililokusudiwa. Tahajia iliyoazimwa haikubadilisha sura ya jina pekee. Ilifunga mlango wa kuingilia kwenye maana yake.

Mambo kama hayo yalitendeka kote Ayalandi. Upimaji wa ramani ulioanza mwaka 1824 chini ya jeshi la Uingereza uliandika maelfu ya majina ya mahali kwa tahajia ya Kiingereza, japo wasomi kama John O'Donovan walitembea kaunti baada ya kaunti wakizitafuta asili zake. Shule za taifa zilizoanzishwa mwaka 1831 zilifundisha kwa Kiingereza. Sensa ya mwaka 1851 ilipouliza swali la lugha kwa mara ya kwanza, waliohesabiwa kuwa wasemaji wa Kiairishi walikuwa takribani 1,500,000, yaani chini ya robo ya watu wote. Sasa zingatia hili: wimbo wa 'Garryowen' una jina la Kiairishi lakini maneno yake ni ya Kiingereza. Huo wenyewe ni ushahidi wa watu waliokuwa katikati ya kuhama lugha, mguu mmoja huku na mwingine kule.

Tukija kwa muziki wenyewe, 'Garryowen' ni jigi. Kila kipande chake kina mapigo sita mepesi yaliyofungwa katika mafungu mawili ya matatu, na mdundo huo ndio unaompa mchezaji hisia ya kuinuliwa kutoka chini. Huwa na sehemu mbili, ya kwanza na ya pili, na kila moja hurudiwa kabla ya kuingia nyingine. Hupigwa kwa fidla, kwa filimbi, au kwa zumari ya Kiairishi ambayo mfuko wake hujazwa upepo kwa kiwiko badala ya mdomo. Sikiliza mara mbili tu na utajikuta unagonga meza kwa vidole. Usiponiamini, jaribu.

Densi hii haikuwa starehe ya wenye nacho pekee. Msafiri wa Kiingereza, Arthur Young, aliyezunguka Ayalandi katika miaka ya 1776 hadi 1779 na kuchapisha maelezo yake mwaka 1780, alistaajabu kuona kwamba maskini nao walikuwa na walimu wa densi. Walimu hao walihama kutoka kibanda hadi kibanda wakiandamana na mpiga zumari au mpiga fidla kipofu, na wazazi waliokula viazi mchana na usiku walitoa kidogo walichokuwa nacho ili watoto wao wajue hatua. Katika nchi ambako wengi hawakuwa na ardhi wala kura, kuimiliki miguu yako mwenyewe halikuwa jambo la kudharauliwa.

Lipo neno moja la Kiairishi ambalo linafaa kuzingatiwa hapa, nalo ni 'port'. Maana yake ni mahadhi, na pia ni jigi. Kutokana nalo linapatikana neno 'portaireacht', yaani kuimba mahadhi ya densi kwa mdomo, kwa silabi zisizo na maana, pale ambapo hapana chombo. Vyombo viligharimu pesa. Mdomo ni wa bure. Kutoka silabi tupu hadi maneno ya mzaha ni hatua moja, na jigi nyingi zilipata vijimbo vyake kwa njia hiyo. Mahadhi na maneno viliishi nyumba moja, na wanakijiji walijua maneno ya kila mahadhi hata yalipopigwa bila kuimbwa.

Je, maneno ya 'Garryowen' yalisema nini? Kwa ufupi, yanawasifu vijana wa mtaa huo. Wao ni wanywaji wa bia, maji hawana haja nayo. Ni wavunja madirisha na wazima taa za barabarani. Huwapiga walinzi wa usiku, huwafukuza matarishi wa mahakama waliokuja kukamata mali za wadeni, na wanaapa kwamba hapana mtu wa kwao atakayefungwa jela kwa sababu ya deni. Popote waendapo, mji hutetemeka.

Vijana hao hawakuwa wa kubuni. Mwishoni mwa karne ya 18 Limerick ilikuwa na genge la namna hiyo, na aliyevuma zaidi alikuwa Johnny Connell, mtoto wa mwenye kiwanda cha bia huko Garryowen, pamoja na sahibu yake Darby O'Brien. Kwa hiyo tusiwavike taji la ukombozi. Walikuwa vijana wenye nafasi, waliolewa na kuwatesa majirani. Griffin, katika sura ya kwanza ya riwaya yake, anasimulia jinsi Garryowen ilivyoinuka na jinsi ilivyoanguka: mahali ambapo wakazi wa mji walikwenda kupunga upepo siku za mapumziko paliharibiwa na wahuni hao hao ambao wimbo unawasifu. Waliokuwa wakija na wake na watoto wao wakaacha kuja.

Hata hivyo, kuna sababu iliyoufanya wimbo wa wahuni upendwe na watu waliokuwa wema. Mwaka 1691 Limerick ilisalimu amri baada ya kuzingirwa, na mkataba uliotiwa saini hapo uliwaahidi Wakatoliki kwamba wangeachwa na haki zao. Ahadi haikutimizwa. Bunge la Dublin lilipitisha sheria moja baada ya nyingine zilizowazuia Wakatoliki kununua ardhi, kushika vyeo na kuendesha shule. Kwa watu wa namna hiyo, tarishi wa mahakama alikuwa uso wa dola. Aliyeimba kuhusu kumtupa tarishi barabarani alikuwa akifanya kwa mdomo kile ambacho mkono haukuthubutu.

Kuna hata mzaha wa kienyeji ndani ya wimbo huo. Kiingereza kina nahau ya kulipa 'juu ya msumari', maana yake kulipa papo hapo bila kukopa. Katika soko la zamani la wafanyabiashara wa Limerick palikuwa na nguzo fupi yenye kibao cha shaba juu, iliyoitwa Msumari, ambapo watu walihesabiana pesa mbele ya mashahidi. Nahau hiyo ni ya Waingereza wote, lakini mtu wa Limerick akiisikia wimboni huiona nguzo ile. Ndipo ninaposema kwamba maneno ya wimbo yana anwani. Yanajua mtaa, yanajua watu kwa majina, yanajua deni hulipwa wapi. Mahadhi hayajui lolote kati ya hayo.

Na kwa sababu hayajui, yanaweza kwenda popote. Karibu na mwaka 1800 'Garryowen' ilikuwa tayari imefika London na kupigwa katika tamthilia ya vichekesho jukwaani. Muda si mrefu Thomas Moore, mshairi mzaliwa wa Dublin aliyeanza kuchapisha mfululizo wa 'Irish Melodies' mwaka 1808, akayatungia mahadhi hayo maneno mapya ya kuwasifu wasichana wa Ayalandi na kuwanywea kwa afya. Moore alikuwa fundi, na alikuwa na nia njema: alitaka nyimbo za kwao zipate heshima katika majumba yenye piano. Lakini ili Garryowen aalikwe sebuleni, ilibidi aache tarishi, deni na madirisha yaliyovunjwa nje mlangoni.

Kisa cha Beethoven kinafundisha zaidi. George Thomson, mchapishaji wa Edinburgh, alimwandikia gwiji huyo huko Vienna na kumlipa azitengenezee nyimbo nyingi za Uskoti, Wales na Ayalandi sauti za piano, fidla na chelo. 'Garryowen' ilikuwa miongoni mwazo. Desturi ya Thomson ilikuwa kumtumia mahadhi pekee. Maneno angeyatafuta baadaye kwa washairi aliowapenda yeye. Beethoven alilalamika. Alimweleza kwamba bila maneno ni vigumu kujua wimbo unakusudia hisia gani. Mtu ambaye sikio lake la muziki halikuwa na mfano Ulaya nzima alikiri kwamba sauti tupu haikumwambia vya kutosha. Nikiulizwa nitaje shahidi mmoja wa hoja yangu, nitamtaja huyo.

Kutoka sebuleni twende kambini. Jeshi la Uingereza la karne ya 19 lililishwa na umaskini wa Ayalandi: mwaka 1830 zaidi ya asilimia 40 ya askari wake wa ngazi za chini walikuwa Waairishi. Kijana asiye na shamba alikwenda kupokea shilingi ya mfalme, na akaenda na nyimbo zake. Jigi ya mapigo sita inafaa sana kwa mwendo wa haraka wa askari wa miguu na kwa farasi vilevile. Royal Irish Regiment waliichukua 'Garryowen' kama muziki wao wa gwaride, na 5th Royal Irish Lancers pia. Bendi haina haja ya maneno. Tarumbeta, filimbi na ngoma zilipiga mahadhi, na wimbo wa kumpiga mtumishi wa dola ukawa muziki wa watumishi wa dola. Sijui kama palikuwa na askari aliyecheka kimoyomoyo. Ningependa kuamini alikuwepo.

Kisha ikaja njaa kuu. Kuanzia mwaka 1845 ugonjwa uliozesha viazi shambani, na katika miaka ipatayo saba watu takribani 1,000,000 walikufa na wengine kiasi hicho wakaihama nchi. Wengi walishukia Marekani, na wengi wa hao waliishia jeshini, kwanza katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865. Mwaka 1866 kikaundwa kikosi cha 7 cha wapanda farasi huko Fort Riley, Kansas. Safu zake zilijaa wahamiaji waliozaliwa Ayalandi na Ujerumani. Mmoja wa maofisa wake alikuwa Myles Keogh wa Kaunti ya Carlow, na wapo wanaosema ndiye aliyeileta 'Garryowen' kikosini. Kamanda wake uwanjani, George Armstrong Custer, aliyapenda mahadhi hayo, na yakawa ya kikosi.

Tarehe 27 Novemba 1868, kabla jua halijachomoza, Custer na watu wake walikizingira kijiji cha Wacheyenne kwenye Mto Washita, katika eneo ambalo leo ni jimbo la Oklahoma. Mkuu wa kijiji alikuwa Black Kettle, mzee aliyekuwa ametafuta amani na serikali mara kadhaa, na ambaye miaka minne kabla ya hapo alinusurika mauaji ya Sand Creek, ambako kijiji chake kilishambuliwa bendera ya Marekani ikipepea juu ya hema lake. Kulikuwa na theluji na baridi kali. Custer alikuwa amekuja na bendi, na ishara ya kushambulia ilikuwa 'Garryowen'. Wapigaji walianza, wakapiga vipande vichache tu, kisha mate yakaganda ndani ya tarumbeta na muziki ukakatika. Milio ya bunduki iliendelea.

Black Kettle na mkewe walipigwa risasi wakafa. Custer aliripoti kuwa ameua wapiganaji 103. Wacheyenne wenyewe walihesabu watu wachache zaidi ya hao, na kati yao wanawake na watoto wengi. Wanawake na watoto 53 walichukuliwa mateka. Mahema yalichomwa pamoja na chakula cha majira ya baridi, na mamia ya farasi wa kijiji wakapigwa risasi ili watu wasiwe na cha kuwindia wala cha kuhamia.

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji atue kidogo. Mtoto wa Kicheyenne aliyeamshwa na muziki ule hakusikia Limerick. Hakumsikia Johnny Connell, wala bustani, wala Msumari wa shaba. Kwake mahadhi yale yalikuwa na maana moja tu, na aliipata asubuhi ile. Upande wa pili walisimama wanaume ambao baadhi yao walizaliwa katika vibanda ambavyo paa zake zilibomolewa na maofisa wa mwenye shamba wakati wa njaa, au walilelewa na wazazi waliofukuzwa hivyo. Wimbo wao wa asili uliwahusu watu wanaomzuia mjumbe wa serikali asiingie mlangoni. Kama maneno yale yangekuwa yakiimbwa asubuhi ile kwa sauti, yangewashtaki waimbaji wenyewe. Lakini hayakuimbwa. Palikuwa na tarumbeta tu, na tarumbeta haina kumbukumbu.

Miaka minane baadaye, tarehe 17 Mei 1876, kikosi kilitoka Fort Abraham Lincoln katika eneo la Dakota bendi ikipiga mahadhi yayo hayo. Elizabeth Custer, mke wa kamanda, aliyaeleza maagano hayo katika kitabu chake 'Boots and Saddles' cha mwaka 1885. Bendi iliachwa njiani, kwenye ghala la Mto Powder, na ndiyo sababu wapiga tarumbeta walinusurika. Tarehe 25 Juni, kando ya Mto Little Bighorn, Walakota na Wacheyenne waliokuwa pamoja na Sitting Bull na Crazy Horse walimwangamiza Custer na askari wote wapatao 210 aliokuwa nao. Keogh alikuwa mmoja wao. Farasi wake, Comanche, alikutwa hai akiwa na majeraha.

Magazeti ya Marekani yaligeuza kushindwa huko kuwa shahada ya mashujaa, na 'Garryowen' ikapata utukufu wa msibani. Kikosi kiliendelea nayo. Tarehe 29 Desemba 1890 kikosi hicho hicho kiliwaua Walakota huko Wounded Knee. Makadirio ya waliokufa ni kati ya 150 na 300, wengi wao wanawake na watoto. Miaka 100 baadaye, mwaka 1990, Bunge la Marekani lilipitisha azimio la kusikitikia mauaji hayo. Neno 'Garryowen' bado limeandikwa kwenye nembo ya kikosi, na askari wake hulitumia kama salamu. Walilitumia hata Vietnam, katika bonde la Ia Drang, mwaka 1965. Mwanzoni mwa karne ya 20 kiongozi wa bendi ya kikosi aliyatungia mahadhi maneno mapya, yanayowasifu wapanda farasi wenyewe. Kiti kilichokuwa tupu kikapata mwenyewe mwingine.

Sinema nayo ilitia mkono. Mwaka 1941 filamu 'They Died with Their Boots On', iliyoigizwa na Errol Flynn, iliyapiga mahadhi haya kama muziki wa ujasiri. Mwaka 1970 mwongozaji Arthur Penn aliyatumia tena katika 'Little Big Man', kwenye onyesho la uvamizi wa Washita, na mtazamaji akajikuta anauogopa mdundo ule ule uliomchangamsha babake miaka 30 iliyotangulia. Sauti ni zile zile, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Kilichobadilika ni hadithi iliyowekwa kando yake.

Huko Ayalandi, mahadhi hayajaacha kuchezwa. Wapiga fidla huyapiga katika vikao vya muziki, na watoto huyafanyia mazoezi ya hatua. Jina nalo limetapakaa. Wapenzi wa raga hapa Kenya watakuwa wamewahi kuwasikia watangazaji wakiutaja mkwaju wa 'garryowen', ule wa kuupiga mpira juu kabisa ili wenzako wapate muda wa kukimbia chini yake. Umepewa jina la klabu ya Garryowen ya Limerick, iliyoanzishwa mwaka 1884. Na katika jimbo la Montana, karibu na pale Custer alipofia, ndani ya ardhi iliyotengewa Wacrow, kuna kijiji kidogo kinachoitwa Garryowen. Bustani ya Yohana imehamia kwenye ardhi ya watu ambao hawakumjua Yohana wala Owen.

Najua yatakayosemwa kunipinga. Mahadhi hayana hatia. Kisu hakihukumiwi kwa kosa la mwenye mkono. Isitoshe, kuazimana mahadhi ndiko kulikotupa sisi wenyewe wimbo wa taifa, ambao mahadhi yake yalitokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea watoto. Naafiki. Nani angetaka kuona Wapokomo wakinyimwa heshima hiyo? Lakini jiulize ni Wakenya wangapi wanaoweza kuyasema maneno ya ule wimbo wa mtoto. Kuazima si kosa. Kosa ni kuazima na kumsahau mwenyewe, maana aliyesahauliwa hawezi kuulizwa kama anakubali.

Wakusanyaji wa muziki wa Ayalandi wenyewe walijifunza hili polepole. Francis O'Neill, mzaliwa wa Kaunti ya Cork aliyepanda hadi kuwa mkuu wa polisi wa Chicago, aliokoa hazina kubwa: kitabu chake cha mwaka 1903 kina mahadhi 1,850. Ni kazi ambayo wapigaji hadi leo wanamwombea dua kwa ajili yake. Lakini ndani yake mna sauti na majina tu, pasi na maneno. Hifadhi ya muziki wa jadi iliyoanzishwa Dublin mwaka 1987 hukusanya kila kitu kwa pamoja: sauti, maneno, vitabu, picha na rekodi za waimbaji.

Nasi tunaorekodi nyimbo za bibi na babu zetu kwa simu, mara nyingi tunanasa dakika moja ya sauti tamu tukaridhika. Tusizime simu mapema. Tumuulize mwimbaji maneno yote, hata yanayomtia haya. Tumuulize nani anayetajwa, mtaa gani, deni la nani, ugomvi wa nini. Tuandike majina kwa tahajia ya lugha yake na si ya lugha tuliyosomea shuleni. Watakaoyapenda mahadhi hayo baadaye watakuwa wengi, na si wote watakuwa na nia njema. Angalau wakute maneno yapo.